Kimbunga Hidaya na swali la Ijumaa: watoto waende shule au wabaki?

Naandika hiki kisa kwa sababu mpaka leo nikikutana na wazazi wenzangu huku Tegeta na Kunduchi bado wapo wanaosema ile Mei 2024 tulitishwa bure, kimbunga chenyewe hakikufika Dar, watoto wakakosa masomo, na wapo wanaosema uongozi wa shule ulifanya uzembe mkubwa kutofunga, na pande zote mbili zinachukua kilichotokea Jumamosi kuwa ndo ushahidi wa nani alikuwa sahihi Alhamisi. Mi nasema hapana. Uamuzi wa Alhamisi Mei 2, wa shule kufunga au kutofunga Ijumaa, tuupime kwa vitu vilivyojulikana Alhamisi, na tukifanya hivyo tutaona tulibishana usiku mzima kuhusu bahari wakati hatari ya watoto wetu ilikuwa mabondeni, kwenye njia ya basi.

Shule siitaji jina. Ni ya binafsi, chekechea mpaka la saba, mabasi yake mengine yanaenda Boko, Basihaya na Bunju, mengine yanapanda Salasala, Goba na Madale. Hizo njia zikumbuke, nitazirudia sana.

Hali ilikuwa hivi. Jumatano ni Mei Mosi, watu wapo nyumbani, simu mkononi, na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wameshaanza kutoa taarifa za mgandamizo mdogo wa hewa mashariki mwa pwani ya Mtwara. Alhamisi kile kitu kina jina, kinaitwa Hidaya, na kila mtu ana picha ya setilaiti kwenye simu. Sasa uelewe hii taarifa haikuingia kwenye mwezi mkavu. Mvua za El Niño zilianza kutupiga tangu mwisho wa 2023, masika nayo ikapokea hapohapo, na Aprili 25 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alishaliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa kwa mafuriko na maporomoko ya udongo. Ardhi ilishashiba, mitaro imejaa mchanga na chupa za plastiki, mto Tegeta na mto Mbezi ukinyesha kidogo tu vinatapika, kwahiyo hata bila kimbunga mzazi wa Dar wiki ile alikuwa analala na wasiwasi.

Na kuna jambo lingine ambalo nadhani ndo lililokuwa linaongea kwenye vichwa vya wazazi hata pale ambapo hawakulitaja. Aprili 12, Arusha, eneo la Engosengiu, basi dogo la shule lilisombwa na maji ya korongo asubuhi likiwa na wanafunzi ndani, na watoto wakafa. Hiyo ni wiki tatu tu kabla. Wala hakukuwa na kimbunga Arusha, hakuna bahari Arusha. Ni mvua, korongo, na dereva aliyefika pale akaona anaweza kupita.

Sasa Alhamisi jioni wakati wa kuchukua watoto mjadala ukaanza getini, ukahamia kwenye simu, ukaendelea mpaka usiku.

Kulikuwa na baba mmoja ambaye ana ile programu ya hali ya hewa ya Windy, anaifungua kila baada ya dakika kumi, anatuonyesha ule mduara unavyosogea, anasema kinakwenda kusini huko, Dar hakifiki, shule iendelee. Namheshimu kwa sababu angalau alikuwa anaangalia kitu, wengine tulikuwa tunasambaza sauti za watu tusiowajua. Ila ile programu inakupa modeli, yaani hesabu za kompyuta za kutabiri, zaidi ya moja na kila modeli inachora mstari wake, alafu ule mstari ni wa kitovu tu, mvua ya kimbunga inaenda mbali sana kutoka kwenye kitovu, na kwa umbali uliokuwepo Alhamisi kuteleza kidogo tu kwa mstari kunabadilisha mkoa mzima. Kusema huenda kitovu hakiji Dar ilikuwa sawa. Kusema kwahiyo mto Tegeta hautajaa, hapo ameruka hatua.

Upande wa pili mama mmoja mwenye mtoto chekechea, yeye alitaka shule ifungwe mpaka Jumatatu, tena anataja Kenya, anasema wenzetu wamefunga sisi tunasubiri nini. Na kweli Ijumaa yenyewe Rais Ruto aliahirisha kufunguliwa kwa shule bila kutaja tarehe. Lakini Kenya walikuwa likizo. Walikuwa wafungue Aprili 29, wakasogeza mpaka Mei 6, alafu wakaahirisha tena, mafuriko yalishaua watu zaidi ya 200. Mtoto aliyeko nyumbani kwa likizo kumwambia abaki siyo sawa na kuamka usiku kufunga shule ambayo iko katikati ya muhula, wazazi wameshapanga kazi zao, na chakula cha watoto kimeshanunuliwa.

Na wapo waliosema tu kwamba Dar hakuna vimbunga, haijawahi kutokea. Hii tuiache kabisa. Ni kweli vinakuja kwa nadra, tuko karibu digrii 7 kusini ya ikweta na ukikaribia ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo msukumo wa kutosha kujizungusha, alafu Madagaska inatukinga vingi vinavyotoka mashariki. Lakini nadra siyo kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu sehemu kubwa ya kisiwa, Pemba ikasalimika na ndo baada ya hapo ikaongoza kwa karafuu. Aprili 1952 kingine kikaingia Lindi. Aprili 2021 tukaambiwa kimbunga Jobo anakuja usawa wetu huu wa Mafia na Dar, akaishia baharini karibu na pwani. Na hiyo ya Jobo nadhani ilituharibu, maana watu wengi walijifunza kwamba TMA wakisema kimbunga basi hakiji.

Aliyeongea kitu cha maana kuliko wote upande wa bahari ni mzee mmoja mvuvi wa Kunduchi Pwani ambaye mjukuu wake yuko la nne. Aliniambia, mwanangu, maji wiki hii mafu, bamvua ni wiki ijayo, kama upepo utakuja kesho au keshokutwa bahari haitapanda sana, ingekuja kwenye bamvua ndo ningekwambia uhame. Na nimeangalia baadaye, bamvua, yale maji makubwa ya bahari, huja mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na mwezi mwandamo ulikuwa Mei 8, kwahiyo mzee alikuwa anasema ukweli mtupu, maji ya bamvua hapa kwetu tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, ukiongeza na kimbunga juu yake ni habari nyingine kabisa. Lakini huyohuyo mzee ngarawa yake alikuwa ameshaivuta juu kabisa na kamba ameifunga kwenye mnazi. Hakusubiri kujua nani atashinda ubishi.

Alafu nikaongea na dereva wa basi la Madale. Kwenye mjadala wote ule hakuna mtu aliyemuuliza, sisi wazazi hatukumuuliza, ofisi haikumuuliza. Akasema, mama, upepo hauniumizi kichwa, naogopa kale kakalavati ka kule juu, ikinyesha usiku milimani asubuhi maji yanapita juu na huoni mwisho wa barabara uko wapi, na saa kumi na moja kuna giza. Nikamuuliza sasa ikiwa hivyo unafanyaje. Akasema nasimama naangalia pikipiki ikipita na mimi napita.

Hapo ndo nikaona mjadala wetu wote umekaa vibaya. Tulikuwa tunauliza "kimbunga kitafika Dar au hakifiki" na hilo swali hata TMA wenyewe hawawezi kukupa jibu la uhakika usiku wa kuamkia. Swali ambalo lilikuwa na jibu ni kwamba kati ya njia za mabasi yetu zipi zinavuka maji, na kalavati likifunikwa nani anasema basi lirudi. Watoto wa Kunduchi ambao wanatembea dakika tano kwenye lami hawakuwa na sababu ya kukaa nyumbani Ijumaa. Watoto wa Madale na Basihaya walikuwa nayo, na wangekuwa nayo hata kama ingekuwa mvua ya kawaida isiyo na jina.

Kilichofanyika sasa. Saa 4 usiku ofisi ikatuma ujumbe kwamba shule itaendelea kama kawaida, ila mzazi mwenye wasiwasi anaruhusiwa kubaki na mtoto wake. Najua aliyeandika alitaka kumridhisha kila mtu. Mi naona ule ndo ulikuwa uamuzi mbaya kuliko kufunga na mbaya kuliko kutofunga, kwa sababu jukumu lilitolewa kwa watu wenye taarifa likagawiwa kwa kila nyumba peke yake, usiku, na wazazi wengi wameshalala. Mzazi wa Goba hawezi kujua hali ya kalavati la Madale. Na mama anayetoka saa kumi alfajiri kwenda kununua mboga sokoni hana mtu wa kumwachia mtoto, kwahiyo huo "uhuru wa kuchagua" kwake haupo.

Asubuhi ya Ijumaa dereva wa Madale akasema hatoki mpaka kupambazuke akaone maji. Alifanya vizuri sana na ningekuwa na uwezo ningempa barua ya pongezi. Lakini hakuna aliyewaambia wazazi wa njia yake, watoto wakasimama barabarani gizani, wengine wadogo kabisa, watoto wa jirani yangu wakaishia kukaa dukani kwa Mangi mpaka kukakucha vizuri. Njia nyingine zikaenda kama kawaida.

Alafu ikaja ile ya mchana, na hapa naomba nielezee vizuri maana kwangu mimi hapa ndo palikuwa na hatari kubwa kuliko yote. Asubuhi ile TMA wakatoa taarifa kwamba kufikia saa tisa usiku Hidaya kimefikia hadhi ya kimbunga kamili, kipo kama kilomita 400 kutoka pwani ya Mtwara na upepo wake umefika kilomita 130 kwa saa. Taarifa ilikuwa sahihi na imetolewa kwa wakati. Ila kufika saa tano, kwenye magrupu imeshageuka kuwa kimbunga kinaingia Dar mchana huu. Wazazi wakaanza kumiminika shuleni, wengine wakatuma bodaboda, mtu ambaye mwalimu hamjui anafika getini anasema nimetumwa na mama fulani, na hedi ticha baada ya kubanwa akasema basi watoto wote waondoke, wakati madereva wa mabasi wako makwao wamepumzika wakisubiri zamu ya jioni. Nimeona kwa macho yangu watoto watatu wamebebwa mishikaki kwenye pikipiki moja, yule wa mbele hata miguu haifiki popote, wanaelekea barabara ya Bagamoyo yenye malori ya simenti. Hakuna mtoto aliyeumia, tunashukuru Mungu. Lakini jengo la shule lile ni la zege, liko mwinuko, lina maji na chakula cha mchana kimepikwa, na sisi tukawatoa watoto humo tukawasambaza barabarani kwa sababu ya kitu kilichokuwa bado mamia ya kilomita baharini.

Jumamosi Mei 4 kimbunga kikaingia Mafia kikiwa kimepungua, na usiku TMA wakatangaza kimepoteza nguvu kabisa. Dar tulipata mawingu na mvua na hofu, boti za kwenda Unguja zilisimamishwa, umeme nao ukakatika sehemu kubwa ya nchi kwa hitilafu ya gridi ya taifa. Kusini hawakubahatika hivyo. Mtwara ilipata mvua zaidi ya milimita 90 ndani ya muda mfupi kati ya Ijumaa na Jumamosi, wakati wastani wa mwezi mzima wa Mei kwao ni 54. Kilwa mafuriko, na barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga, mabasi na malori yakakwama.

Kwanini wao na siyo sisi? Vimbunga vya huku kusini mwa ikweta vinazunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Chora kwenye karatasi, weka kitovu Mafia, utaona kwa walio kaskazini ya kitovu upepo unatoka bara kwenda baharini, na kwa walio kusini unatoka baharini kuja bara, umebeba maji, na unaongezewa na mwendo wa kimbunga chenyewe kuelekea magharibi. Dar tuko kaskazini ya Mafia. Kilwa na Lindi wako kusini. Sasa wewe unayesema "si mmeona hakikuja", kile kitovu kingeingia Bagamoyo badala ya Mafia sisi tungekuwa upande wa Kilwa. Alhamisi jioni hakuna mtu getini pale aliyekuwa anaweza kukuhakikishia hilo halitatokea.

Wanaosema tungefunga kwa sababu Mtwara walifunga 2019 na wenyewe nawajibu. Ni kweli kimbunga Kenneth alipokuwa anakuja, shule za Mtwara zilifungwa na watu wa maeneo hatarishi wakaambiwa wahame, kikaja kikaingia Cabo Delgado upande wa Msumbiji. Ule ulikuwa uamuzi sahihi hata kama hakikuingia Mtwara mjini, kwa sababu kilikuwa na upepo unaopita kilomita 200 kwa saa na kilikuwa karibu nao sana. Sisi Alhamisi ile hatukuwa kwenye hali hiyo. Na kufunga kuna gharama ambayo tuliosoma tunaisahau, kuna mtoto wa Tandale au Kigogo ambaye shuleni ndo pakavu kuliko kwao, ukimrudisha nyumbani unamrudisha bondeni kwenye kingo za mto Ng'ombe au Msimbazi, mama yuko kwenye biashara, na anabaki na mdogo wake wawili tu mlango umefungwa. Na Jumatatu ya Mei 6 ndo mtihani wa kidato cha sita ulikuwa unaanza, ukifunga kiholela mkoa mzima unagusa na hao.

Baadaye kamati ya wazazi ilikaa na uongozi wa shule, na hapo niseme wametusikiliza. Tulikubaliana uamuzi wowote wa kesho utolewe kabla ya saa 10 jioni, siyo usiku, na utolewe kwa njia, yaani basi la Madale haliendi, la Kunduchi linaenda, na mtoto wa njia iliyofungwa hahesabiwi mtoro. TMA wakiwa kwenye angalizo, ngazi ya chini ya maonyo yao, madereva wanaenda kuangalia vivuko jioni. Ikiwa tahadhari, njia zinazovuka mto zinasimama bila mjadala. Ikiwa tahadhari kubwa kwa Dar shule nzima inafunga na hatusubiri ujumbe wa wizara. Dereva akisema hapitiki, hakuna mtu ofisini wala mzazi wa kumwambia jaribu. Na mtoto akishafika shuleni hakuna kumtoa kwa bodaboda asiyefahamika, anakaa humo mpaka mzazi mwenyewe au basi lije, hata kama ni saa 2 usiku, na shule inaweka akiba ya maji, mkate na tochi.

Kuna baba alipinga hiyo ya kuwazuia watoto, akasema mtoto ni wangu nikitaka kumchukua namchukua. Ni haki yake, aje mwenyewe. Tulibishana sana hapo na bado hajaridhika.

Jambo ambalo hatujalipatia jibu ni watoto wa shule ya serikali jirani yetu, ambao wanatembea kwa miguu na wanavuka lilelile korongo ambalo basi letu sasa haliruhusiwi kuvuka. Wao hawana dereva wa kusema hapitiki. Mwalimu wao mkuu hawezi kufunga mwenyewe, anasubiri kwa afisa elimu, na ikifika taarifa saa tatu asubuhi watoto wameshavuka. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa zishuke mpaka mtaani, kwahiyo tumeandika barua kwa mtendaji wa kata tukiomba kamati ya mtaa ipewe uwezo wa kufunga kivuko kwa kamba alfajiri mvua ikiwa kubwa, na nguzo yenye alama nyekundu iwekwe pale ili hata mtoto wa darasa la kwanza ajue maji yakifika hapa anarudi nyumbani. Nguzo yenyewe wazazi tumesema tutaichangia, fundi yupo. Tunachosubiri ni ruhusa ya kuichimbia.